Siku Mama Alipokataa Kuitikia Mwano

Pamba ambayo haijauzwa ina harufu yake. Si harufu ya shuka mpya wala ya pamba ya zahanati. Ni vumbi la jua, mafuta ya mbegu na majani makavu yaliyovunjikia ndani ya nyuzi, na ikilundikwa chumbani mpaka ikaribie paa, inakukaa kooni ukilala, na ukiamka bado ipo. Nimekua na harufu hiyo katika kijiji kimoja upande wa Samuye, Shinyanga, ambako kila mwaka, kati ya mavuno na siku ya kupeleka pamba kwa mnunuzi, kila nyumba ililala na pamba yake ndani. Nje kulikuwa na wezi na mbuzi, kwa hiyo mahali pa pamba palikuwa chumbani, na mahali pa watoto palikuwa juu ya pamba. Tuliruka humo, tukazama mpaka mabegani, tukachekana kwa nywele zetu nyeupe. Koroboi liliwaka hatua mbili kutoka hapo, na paa la nyasi la nyumba lilikuwa linagusana na paa la nyasi la jiko. Hakuna mtu mzima aliyeona ajabu. Nawapenda watu wa kwetu, lakini kwa hili sitawatetea.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyelihoji lilikuwa mwano. Mwano ni ukelele wa hatari wa Kisukuma. Ng'ombe wakiibwa, au mtu akivamiwa, aliye karibu anapaza sauti, jirani anaupokea na kuusogeza mbele, na kabla maji ya ugali hayajachemka kijiji kizima kiko mbioni kuelekea ulikoanzia. Sheria ya walinzi wa kijiji ilikuwa fupi: kila mtu mzima anatoka, mwanamume kwa mwanamke. Anayebaki nyumbani ni mwizi au rafiki wa mwizi. Sheria hiyo iliokoa ng'ombe wengi, na ng'ombe kwetu ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya mzee anapopita njiani. Sikatai. Ila ng'ombe walipokuwa wanaokolewa, moto wa jikoni ulibaki unawaka, watoto walibaki peke yao, na wazee wasioweza kutembea walibaki pale walipowekwa asubuhi.

Kwetu aliyewekwa asubuhi alikuwa Bibi, mama yake baba. Miguu yake iliisha nguvu kabla sijazaliwa, na siku nzima alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe kivulini, akibangua karanga na kuiamuru dunia. Baba alikuwa machimboni upande wa Geita, akitafuta dhahabu ambayo kila barua ilisema imekaribia. Nyumbani tulikuwa Mama, Bibi, mimi Kabula, na mdogo wangu Mihayo wa miaka mitano. Mtu mzima mwenye miguu alikuwa mmoja tu. Nilikuwa na miaka tisa mwano ulipopigwa adhuhuri moja, Mama akaacha sufuria motoni akakimbia kama sheria ilivyotaka. Upepo wa kiangazi ukaokota kaa jikoni ukalipandisha kwenye nyasi. Mimi nilikimbilia shambani. Mihayo alifanya wanachofanya watoto wengi wakiogopa: aliingia ndani akajificha uvunguni mwa kitanda. Bibi alitambaa kwa viwiko mpaka chumbani, akamshika mguu, akamvuta hadi nje. Mama aliporudi alikuta nyumba imekwisha, pamba imekwisha, mwanawe ana kidonda cha moto kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, na mama mkwe wake hana ngozi kwenye viwiko. Ng'ombe wa watu walikuwa wamepatikana wote. Mama hakulia. Aliketi kando ya majivu, akauliza swali ambalo nimelisikia maisha yangu yote: "Nani alibaki?"

Majirani walitujengea upya, na haki yao nitaisema, walileta miti na nyasi bila kuombwa. Lakini Mama alikuwa amebadilika. Jiko alilihamishia ng'ambo ya uwanja, upande ambao upepo unaelekea. Pamba ya mwaka uliofuata aliipangia kibanda chake cha udongo, mbali na tulipolala. Uvungu wa kitanda aliuziba kwa matofali na kuukandika, ili asije mtoto akauona tena kuwa ni mahali pa kujificha. Mlangoni akaweka mitungi miwili ya maji ambayo hatukuruhusiwa hata kunawia, debe bovu lenye mchanga, na magunia mawili ya mkonge. Kadi zetu za kliniki zikaingia kwenye kopo la majani ya chai lenye mfuniko, na kopo likawa mzigo wa Mihayo. Akisikia hatari anachukua hilo na asiguse kitu kingine. Kwenye ngozi ya Bibi Mama alitoboa matundu manne, akapitisha kamba za katani, mbili zangu na mbili za Mihayo, tukafundishwa kumburuta mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya boma. Kichuguuni ndipo pa kukutania. Ukifika unaita majina, na anayeitwa anaitika "nipo". Asiyeitika anatafutwa.

Tulifanya mazoezi mpaka tukayachukia. Mama alipiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko wakati wowote aliojisikia, tukiwa na tonge mkononi, tukiwa tumesinzia mchana, na mara moja nikiwa chooni, wala hakukubali udhuru huo. Bibi alilalamika kila mara. "Mmenifanya plau," alisema huku vumbi likimjaa mdomoni. "Mwakani mtanilimia mahindi." Lakini yeye ndiye aliyekuwa anatuhesabia, na tukizembea alitutukana kwa Kisukuma kizito kisichofaa kuandikwa. Juu ya yote kulikuwa na kigoda. Mama alikiweka mlangoni na kukitungia amri yake: nyumba isiachwe bila mtu mzima mwenye miguu, na anayebaki asiondoke kwenye kigoda mpaka mwenzake arudi. Kwa kuwa mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe tu, shambani tulikwenda wote, Bibi akiwa juu ya mkokoteni wa punda, akisalimia watu kama mbunge.

Mwanzoni majirani walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kwetu, kuongea sana juu ya moto ambao haujawaka ni kuuita. Jirani yetu wa karibu na shoga mkubwa wa Mama alikuwa Mama Kulwa, mama wa mapacha Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa na miaka mitatu. Boma lao na letu yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alikuja siku moja, akanywa togwa nusu kata, akashusha sauti. "Mama Kabula, unajitakia mabaya. Watu wanasema unajua moto utatokea wapi."

"Ninajua," Mama akasema. "Utatokea jikoni. Na wa kwako utatokea jikoni." Mama Kulwa aliondoka bila kumaliza togwa.

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi, pamba imeshavunwa, mwano ulipopigwa tena saa nne ya asubuhi. Mama alikuwa anapeta mtama. Aliinua kichwa akasikiliza, nikaona miguu yake inataka kukimbia, maana yeye naye alizaliwa na kulelewa na sauti hiyo. Kisha akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakaa mlangoni. Watu walipita mbele ya boma wakitimua vumbi. Mmoja akapiga kelele, "Mama Kabula, mwano!" Mama akajibu kwamba amesikia. "Hutoki?" Akasema hatoki. Yule mtu alisimama kidogo, kana kwamba hakuelewa lugha, halafu akaendelea kukimbia.

Kesho yake aliitwa mkutanoni. Alikwenda na sisi sote, Bibi akiwa mkokotenini, kwa sababu hakukuwa na wa kubaki nasi. Kamanda wa walinzi, Mzee Lushinge, alikuwa mtu mrefu na mpole asiyependa kupandisha sauti, na nakumbuka alivyojitahidi kumfungulia Mama njia ya kutokea. "Mayu," alimwita kwa heshima, "labda jana ulikuwa na homa?"

"Sikuwa na homa, baba. Nilikuwa mzima." Mama alikuwa amesimama, khanga ameifunga vizuri kiunoni. "Kwako mna watu wazima sita. Wakitoka watano, mmoja anabaki. Kwangu yuko mmoja. Nikitoka mimi, nani anabaki? Nijibuni hilo tu, na mwano ukipigwa nitakimbia mbele yenu wote."

Nilitazama nyuso zile zote, watu walionibeba mgongoni nikiwa mchanga, nikisubiri hata mmoja ajibu. Na kwa kuwa hawakuwa na jibu, walimtenga.

Kutengwa kwa kwetu si kupigwa. Ni kufutwa ukiwa hai. Husalimiwi, huombwi kitu, hupewi moto wala chumvi, na anayekuonea huruma anatengwa pamoja nawe. Niliamkia watu shikamoo wakanipita. Kisimani wanawake walisogea kando mpaka nimalize kuchota. Dukani viberiti vilikuwa vimekwisha kila nilipofika, na nikigeuka nilisikia kinauzwa kimoja. Na kwa kuwa hatukuweza tena kuomba kaa la moto kwa jirani, moto wetu haukupaswa kuzimika, hivyo mwanamke aliyeuogopa moto kuliko wote kijijini ndiye aliyelazimika kukaa anaulinda. Hilo lilimuudhi kuliko maneno yote. Mimi nilimchukia. Nasema wazi, kwa wiki kadhaa nilimchukia mama yangu. Nilitaka aende akaseme alikuwa na homa, yaishe, nirudi kucheza rede na wenzangu, na nilimwambia hivyo. Alinitazama. "Na mguu wa Mihayo," akaniuliza, "ulikuwa na homa?" Sikurudia tena.

Yeye mwenyewe hakuinamisha kichwa hata siku moja. Kila asubuhi alisimama mbele ya boma akasalimia njia nzima, "Mwangaluka!", akimtaja kila apitaye kwa jina, na alipokosa jibu alijijibu mwenyewe kwa bashasha, "Mwangaluka, Mama Kabula, wabeja!" Watu waliharakisha hatua. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Habari zilipomfikia Baba huko machimboni, aliandika barua akimtaka Mama aombe radhi haraka, kwani anamtia aibu. Niliisoma kwa sauti, Bibi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akainyakua mkononi mwangu akampa Mama achochee nayo jiko.

Mwano wa mara ya tatu ulipigwa mchana wenye upepo mkali. Watu wakapita mbio, Baba Kulwa mbele na mkewe nyuma. Mama alisimama akapaza sauti juu ya minyaa, "Mama Kulwa, nani anabaki na mapacha?" Mama Kulwa alisikia, niliona mabega yake yakishtuka, lakini sheria haikumruhusu kujibu, naye hakugeuka. Haukupita muda moshi ukaanza kutoka upande wao. Moshi wa kupikia tuliujua, ni mwembamba na hauna haraka. Huu ulikuwa mzito na wa manjano, na ndani yake niliisikia harufu ninayoijua, pamba inayoungua.

Mama aliinuka kwenye kigoda, akakaa, akainuka tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya. Amri ya kigoda aliitunga mwenyewe na sasa ilikuwa imemfunga. Nyuma yake kulikuwa na Bibi asiyetembea na Mihayo mwenye kovu. Mbele yake kulikuwa na watoto wawili ambao, yeye alijua, hulazwa mchana na mlango ukafungwa kwa waya kwa nje ili wasitangetange. "Mama," nikasema, "mimi nabaki." Alinitazama kwa muda mrefu kuliko moto ulivyoruhusu. Kisha akanipa mfuniko na mwiko, akachovya gunia mtungini, akajitanda, akachukua jembe, akapenya kwenye minyaa.

Sikuona alichofanya huko. Watu nikiwasimulia wanataka habari za moto, na mimi sina. Nina habari za kichuguu. Cheche zilianza kupita juu ya boma letu, nikapiga mfuniko, Mihayo akachukua kopo lake, tukashika kamba tukamburuta Bibi mpaka nyuma, na safari hiyo hakusema lolote kuhusu plau. Nikaita. Bibi! Nipo. Mihayo! Nipo. Kabula! Nikajiitikia mwenyewe, nipo. Nikaanza upya. Katika mazoezi yetu jina la Mama lilikuwa la nne. Siku hiyo nililiruka, na nikaliruka tena, kwa sababu nikiliita na lisiitikiwe nitapaswa kwenda kumtafuta, na mimi ndiye niliyebaki. Mkojo ulinitoka. Nilitaka kukimbia, kumfuata au kwenda popote pale, ilimradi nisisimame pale. Bibi alinishika kifundo cha mguu kwa mkono wake wenye makovu. "Ita tena," akasema. Nikaita tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka.

Mama alitokea upande wa mashamba, nyusi zimeungua, Kulwa kiunoni na Doto mgongoni, wote wawili wanalia kwa nguvu ya watoto wazima wa afya. Mlango ulikuwa umeshika moto, kwa hiyo alikuwa amezunguka nyuma akabomoa ukuta kwa jembe. Alisimama mbele yangu akihema. "Niite," akasema. Nikamwita. "Nipo," akajibu, na hapo ndipo nilipolia.

Kijiji kiliporudi, nyumba ya Mama Kulwa ilikuwa kuta nne nyeusi, na mapacha walikuwa uwanjani kwetu wanatafuna michembe, vipande vya viazi vikavu. Mama Kulwa alifika mpaka kwenye ua wa minyaa akasimama hapo, mikono kichwani, watu wote wakiwa nyuma yake. "Ingia," Mama akamwambia.

"Mama Kabula, nitatengwa."

"Basi utatengwa ukiwa na watoto wako."

Aliingia. Aliwakumbatia, akawapapasa mwili mzima kutafuta kidonda, akaketi kwenye kigoda cha Mama bila kujua kigoda hicho ni nini. Halafu akasema kwa sauti ya kutosha ili walio nyuma wasikie, kwa salamu ya mchana ya Kisukuma, "Mwadila, Mama Kabula." Hiyo ilikuwa salamu yetu ya kwanza kwa zaidi ya mwezi.

Mzee Lushinge alikuja kesho yake. Alisema wazee wameona mambo yaishe, na kwa desturi aliyetengwa hurudi kwa kuchinja mbuzi, watu wakala pamoja. "Mbuzi mmoja tu, mayu." Mama akamkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia kwamba mbuzi anaye na hachinjwi. Hakutenda kosa la kulipia. Anayetaka kumsalimia amsalimie bure. Mzee alikunywa maji yake polepole akaondoka. Yule mbuzi aliishi mpaka akazeeka, akawa mkaidi kupita kiasi, na Bibi alimwita Mheshimiwa. Sheria ya mwano haikufutwa, wala hakuna aliyetangaza chochote. Lakini mwano uliofuata nilipochungulia njiani niliona dada yake Baba Kulwa amekaa mlangoni kwenye kibanda chao kipya, na kwa Mzee Lushinge mwenyewe mkewe amevuta kigoda nje, amekunja mikono. Hakuna aliyemwomba Mama radhi, hadi leo. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuandika haya.

Siku hizi ninaitwa Mama Neema. Nina vyerehani viwili Segese, jirani na mgodi mkubwa, na tunaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Hakuna nyasi wala pamba hapa. Kuna mitungi ya gesi, nyaya zilizoungwaungwa, na petroli ambayo jirani mmoja alikuwa anaipanga kwenye chupa chini ya dirisha langu mpaka nilipomwashia maneno akaihamisha. Wapangaji wenzangu wametoka kila mkoa na hawajui mwano ni kitu gani. Lakini wana wao, na unaitwa rashi. Habari zikienea kwamba dhahabu imetoka mahali, mtaa unahama kwa saa moja, wachimbaji, mama lishe, wauza maji, kila mtu na begi lake, na watoto wanafungiwa ndani na mkate na ndoo ya maji. Kwetu ulikuwa waya, hapa ni kufuli. Ndiyo maana Jumamosi napiga mfuniko wa sufuria, watoto wa vyumba vyote wanakimbilia kwenye tangi la maji na kuitana majina. Ndiyo maana nimewabana wapangaji wote mpaka wakanipa funguo zao za akiba, ninazo kwenye msumari nyuma ya mlango. Wananiita kamanda. Wanasema naita mabaya. Nawajibu kwamba mabaya hayajawahi kusubiri kuitwa.

Juzijuzi rashi ililipuka upande wa Runzewe. Kufikia saa tatu asubuhi bodaboda zilikuwa zimejaa mlangoni, na Baba Neema, ambaye ni fundi wa mashine za kusaga mawe, alikuwa anafunga begi. "Twende wote, Mama Neema," alisema. "Wiki mbili tu. Neema ameshakuwa mkubwa."

"Nani anabaki?" nikauliza.

Neema alikuwa anakunja sare zake za shule. Ana miaka kumi. Alijibu kabla baba yake hajafungua mdomo, kifua mbele, "Mimi, mama. Nabaki mimi." Nikaona kosa langu palepale. Habari za kichuguu nimemsimulia tangu akiwa mdogo, na kila mara nimezisimulia kama ushujaa. Sikuwahi kumwambia habari za mkojo. Sikuwahi kumwambia kwamba nilibaki kwa sababu kijiji kizima cha watu wazima kilikuwa kimekwenda kutafuta ng'ombe, na mama yangu hakuwa na mwingine wa kumwachia mfuniko. Mimi ninaye, ni mimi mwenyewe. Ninajimudu, nina miguu miwili, na sitaki mwanangu awe jasiri kwa ajili ya dhahabu ya mtu.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe nenda kacheze." Baba Neema alikwenda na wenzake, amenuna. Nilihesabu funguo tano msumarini, nikavuta kigoda mlangoni, nikakaa, na rashi ikapita mbele yangu na vumbi lake lote.